Kindi Aomba Kibali cha Duka la Mitumba

Haya, mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo, tena yamefuliwa!
Basi yatandazeni.

Alikuwepo Kindi, mjane mwenye watoto wengi, muuza mitumba. Nguo zake alizitandaza chini kwenye turubai, nje ya Maduka ya Mtoni. Mvua ikinyesha, pa pa pa, wateja hukimbia, nguo hulowa, watoto hulala na njaa. Na masika yalikuwa yanakaribia.

Ndani ya maduka yale palikuwa na fremu moja tupu. Kindi akaitaka. Ila huwezi kufungua duka pale bila kibali cha kamati ya mipango, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Kiboko. Naye Kiboko alikuwa na duka la suti mpya humo humo. Mnaona wenyewe mambo yalivyokaa.

Kindi akaenda, mkia juu, chapu chapu.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Mitumba ina vumbi. Rudi kesho." Akapiga meza, puu.

Kindi akakung'uta nguo zote. Akaenda, mkia juu, chapu chapu.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Mitumba ina harufu. Rudi kesho." Puu.

Kindi akafua nguo zote. Akaenda, mkia chini sasa. Roho ilimuuma, hata mimi ingeniuma.
"Shikamoo, mzee."
"Marahaba. Mitumba inashusha hadhi ya maduka. Mtu wa heshima havai nguo iliyovaliwa. Keshokutwa kamati itakuja kukagua fremu, halafu tutakataa."

"Asante, mzee," akasema Kindi. "Ila msije saa mbili. Saa mbili nafungua belo la makoti pale mlangoni pa fremu, na sisi wa mitumba tuna desturi yetu: anayekata kamba ndiye anayechagua wa kwanza. Itakuwa vurugu. Njooni saa nne."

Masikio ya Kiboko yakacheza.

Kindi akatoka hapo, akapitia kwa Kobe, katibu wa kamati. "Babu, ukaguzi ni saa mbili." Kobe akawachukua wajumbe wenzake, akaanza safari siku hiyo hiyo.

Siku ikafika. Saa mbili Kiboko huyo, ndi, ndi, ndi. Wateja wamejaa mlangoni. Akawasukuma wote.
"Nipisheni. Nakagua."
"Kagua, mzee," akasema Kindi. "Kisu hiki hapa."

Kacha! Kamba ikakatika, makoti yakamwagika. Kiboko akavaa moja. Akavaa la pili juu yake. Akavaa la tatu, likakwama tumboni. Akawa analivuta, fyuu, fyuu, ndipo Kobe na wajumbe wakatokea mlangoni.

Sasa, Maduka ya Mtoni nayo yalikuwa na desturi yake. Kamba ya duka jipya hukatwa mlangoni na mwenyekiti, na akishaikata, duka limekubaliwa.

"Mwenyekiti," Kobe akasema polepole, "umekata kamba?"

Kindi akapanda hadi sikioni kwa Kiboko, akanong'ona: "Mzee, sema umekuja kufungua duka, au sema umekuja kujichagulia mitumba."

Kiboko akawatazama wale wateja. Wengine walikuwa wanunuzi wa suti zake. Akalitazama tumbo lake. Jasho likamtoka.

"Nimekuja kufungua duka," akasema.

Kobe akagonga muhuri, ndo.

"Tunashukuru, mgeni rasmi," akasema Kindi. "Sasa vua makoti yangu."

Mawili ya juu yalivulika. La ndani kabisa lilikataa katakata. Kiboko akaenda nalo nyumbani, na kila aliyekutana naye njiani alilisifu, akamuuliza fremu ya Kindi iko upande gani.

Fundisho, wanangu: msiwasumbue viongozi. Kaeni nyumbani mngoje kibali, kitakuja chenyewe.

Ngano nimeikunja, nimeirudisha kwenye belo. Atakayeifungua achague kipande kinachomtosha.