Kamba ya Mafundo ya Kwamsera

Hapo zamani, ukungu ulipokuwa ukiingia majumbani bila kupiga hodi, palikuwa na mji mlimani ukiitwa Kwamsera. Watu wake, na msinicheke, walihesabu makosa ya vijana kwa kamba. Kijana akikosa, kipande kipya kiliungwa kwa fundo moja. Kila kizazi na kamba yake, na kila kamba na mwanamke wake wa kuifunga. Alianza Bibi Nakijwa, akafuata bintiye Mbonea, kisha mjukuu, Nakundwa, ambaye kisa hiki ni chake.

Kamba zote zilianzia nguzo ya barazani kwa Bibi Nakijwa. Ya bibi ilifika kizingitini. Ya mama ikafika njia panda. Ya Nakundwa ikashuka mteremko wote, ikapotelea ukunguni, na asubuhi moja watu wakaona imebakiza fundo moja tu iguse ndiva, bwawa lao la kumwagilia mashamba. Wakashika vichwa.

"Vijana wa siku hizi wameoza," wakasema. Wakakata shauri: atakayefungiwa fundo la mwisho atauhama mji mavuno saba.

Nakundwa alikubali. Yeye alifunga kila kitu: wizi wa mbuzi fundo, tusi fundo, hata mluzi mbele ya wakubwa, fundo. Alijivunia hivyo, maskini.

Siku ya tatu ndiva ikakutwa tupu. Kuna mtu aliizibua alfajiri, maji yote yakateremka bondeni, na maharage ya mji mzima yakaanza kunyauka. Ni nani? Akajitokeza Namsemba, binti wa Nakundwa mwenyewe, miaka kumi na minne, matope magotini.

"Nilitaka kuyaona maji yakikimbia na ukungu, mama," akasema. "Yalipendeza mno."

Nakundwa akamshika mkono mwanawe, akaenda kwa mama yake na bibi yake, waliokuwa wakiota moto. Bibi Nakijwa alikuwa haoni tena. Akaivuta kamba ya mjukuu wake mapajani, akaipapasa fundo kwa fundo, taratibu, kama anayepukuchua mahindi.

"Hili la nini?"

"La mluzi, bibi."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilifunga penye damu tu. Mengine nilichapa, nikapika uji, yakaisha. Unamwona mama yako huyu? Ndiva aliizibua mara mbili. Sikufunga hata moja. Kama ni kuhama, nihame mimi niliyeficha."

Mbonea akatazama moto. "Nihame mimi niliyeanza kuizibua. Tena niliposhika kamba niliwafungia wasio na wa kuwatetea. Wenye mama zao niliwaonea haya."

"Ningeacha miluzi ipite," Nakundwa akasema, "kamba isingefika bwawani. Nitahama mimi."

"Lakini maji niliyazibua mimi," akasema Namsemba, na machozi yakamtoka.

Nje watu walikuwa wamekusanyika. Hawakuonekana kwa ukungu, zilisikika sauti tu: "Nakundwa, funga tuone."

Akatoka, akaifuata kamba mteremkoni mpaka karibu na ndiva, akaishika ncha yake. Wanasema amesimama hapo mpaka leo, ukungu umemfika viganjani, na binti yake amemshika kanga kwa nyuma.

Haya, ninyi mnaojua kuhukumu watoto wa wenzenu: fundo lile alifunge kwa jina la nani?