Vitanzi Mia Tatu vya Makame

"Makoti mia tatu! Majora tisa ya kitambaa! Zuhura, una wazimu?"

Hapo zamani, watoto, kamba walipoanza tu kufugwa mabwawani, kelele hizo zilizuka ndani ya Bibi Kamba. Ndiyo, ndani yake! Kwani nyumba ya kamba ni mwili wake mwenyewe. Gamba ndilo ukuta, na vyumbani wanaishi watu wa kazi wadogo mno, jicho haliwaoni. Wanaitwa protini.

Aliyekuwa akifoka ni Makame, bawabu. Milango ya nyumba ile haikuwa na funguo. Kila mlango ulikuwa na kitanzi cha uzi, na mwenye kifungo kinachoingia humo, alifunguliwa. Basi.

Zuhura, fundi cherehani, hata hakuinua kichwa. Cha-cha-cha-cha!

"Karatasi imesema makoti mia tatu, nami nashona mia tatu. Karatasi ikiniambia nishone suruali ya nyangumi, nitashona."

"Karatasi ya nani?"

"Yangu, mzee wangu," ikajibu sauti nyembamba.

Lo! Juu ya kitambaa alikaa Kirusi, yule aletaye maradhi. Kirusi hana nyumba, hana jiko, hana cherehani. Ana koti, na mfukoni ana karatasi. Hicho tu!

"Nani kakufungulia wewe?"

"Wewe! Asubuhi nilipiga hodi, kifungo changu kikaingia kitanzini, tap! Ukasema karibu."

Makame alisikia masikio yakimwaka. Kweli alisema karibu. Hakuuliza hata jina.

"Na humu nyumbani uliingiaje?"

"Kwa chakula cha matanga," Kirusi akacheka.

Makame akaelewa. Kamba hawazikani, marehemu huliwa, ndiyo heshima yao. Jana alikufa jirani, gamba limejaa madoa meupe. Bibi Kamba akawasukuma wenzake wote, akala pande kubwa kuliko yote. Na ndani ya pande lile alijificha Kirusi.

Mara nyumba ikatikisika, gidi! gidi!

"Nani ananisumbua tumboni?" Bibi Kamba akanguruma. "Hamjui nina msumeno kichwani?"

"Shikamoo, Bibi!" Kirusi akaitikia haraka. "Ni fundi tu, anakushonea nguo ya sikukuu."

"Marahaba, mwanangu! Basi asisahau lesi."

Akatulia, anatabasamu. Mkubwa mzima!

Zuhura akakata uzi wa koti la mwisho. Kirusi akatia nakala ya karatasi yake katika kila mfuko, na kila koti lililopata karatasi likasimama lenyewe: Kirusi mwingine! Na mwingine! Mia tatu hao wangeingia vyumba vyote, na kila chumba kishone mia tatu wengine. Kesho Bibi Kamba angekuwa na madoa meupe, na majirani wangemla.

Safari hii Makame hakupiga kelele. Kirusi alipokuwa akiwapanga wanawe mstari, Makame akachukua karatasi, akaandika, akaisukuma chini ya sindano.

"Vitanzi mia tatu," Zuhura akasoma. "Bila milango? Vya nini?"

"Karatasi imesema."

"Haya." Cha-cha-cha-cha!

Makame akavitundika vitanzi ukumbini kote, pamoja na kimoja kikubwa cha akiba yake, mbele ya milango ya kweli, kila kimoja kikining'inia peke yake.

"Twendeni, wanangu!" Kirusi akapaza sauti. "Kila mtu na mlango wake!"

Fyuu! Wakatimka. Tap! Tap! Tap! Kila kifungo kikaingia kitanzini.

"Baba, haufunguki!"

"Sukuma, we mjinga!"

"Nisukume nini? Hakuna mlango!"

Kirusi mwenyewe alikwisha kukimbilia kitanzi kikubwa kuliko vyote. Tap! Akavuta mbele, akavuta nyuma. Wapi! Askari wa damu, walinzi wa nyumba, wakafika, wakawameza wale wadogo mmoja mmoja. Gubu! Gubu! Gubu!

"Jamani," Bibi Kamba akaita, "nguo yangu bado?"



Ndiyo maana nawaambia, watoto: mgeni muulize anatoka wapi na anataka nini, hata kama amevaa vizuri.

Alibaki Kirusi mkubwa, ananing'inia kwa kifungo chake.

"Mzee wangu," akabembeleza, "nifungue basi. Tuyamalize kiutu uzima."

Makame akasimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Rudisha majora tisa ya kitambaa. Anza na hilo koti. Vua."