Kasha la Udi la Bwana Fakhri

Katika mji wa Marjani, uliotawaliwa na Sultani Nuumani bin Ghalibu, mwenye farasi elfu na bustani ambayo ndege wake waliwasalimu wapita njia kwa majina, palikuwa na mahakama iliyosifiwa kwa uadilifu hadi nchi za mbali, na waliosifu ni wale ambao hawajapata kufikishwa hapo. Kadhi wake, Sheikh Idarusi, alivaa pete ya muhuri iliyokaliwa na jini aitwaye Dahmani, aliyeapishwa tangu zama za kale kuitafutia mahakama ukweli popote ulipofichwa; na kadhi, Mungu amsamehe maana mimi bado, alimtumia kumpepea.

Mbele ya kadhi huyo alisimama Zuleha, mshona kofia, mtalaka wa Bwana Fakhri muuza udi. Walikuwa na binti mmoja wa miaka sita, Durra, na mahakama ilikuwa imemgawa, juma kwa mama na juma kwa baba, kwa kuwa mtoto ni wa wote wawili. Lakini kila aliporudi kutoka kwa babake, Durra alikuwa amevunjika kucha, ananukia udi mpaka kwenye mizizi ya nywele, na hakubali mlango ufungwe. Zuleha alimuuliza kwa upole, na mtoto akasema baba humfungia katika kasha la udi kila akilia.

Zuleha akaenda kushtaki. Akaambiwa harufu ya udi ni harufu ya nyumba ya heshima. Akaomba mtoto asikilizwe, akaambiwa mtoto husema alilofundishwa. Akatumwa mkaguzi nyumbani kwa Fakhri, kwa siku iliyotangazwa juma zima kabla, naye akanywa kahawa, akala haluwa, akarudi na habari kwamba nyumba ni safi. Na sheria ya Marjani ilikuwa hivi: mzazi akimshtaki mwenzake bila mashahidi wawili, hupunguziwa siku moja ya kukaa na mtoto, ili watu wajifunze kutosingiziana. Mashahidi wawili wa ndani ya kasha, jamani, watoke wapi? Zuleha alishtaki mara nne, na siku zake saba zikawa tatu, na kila alivyozidi kumpigania mwanawe ndivyo alivyozidi kumkabidhi kwa anayemtesa.

Safari ya tano hakwenda, aliitwa. Fakhri alikuwa ameomba apewe mtoto moja kwa moja, akidai kuwa mama mtu anamjaza chuki. Akanena kwa ulimi laini kwamba hakatai, kasha lipo, ila mtoto hulipenda na huingia kucheza. Kadhi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaivua pete apige muhuri.

Sasa, ilikuwa ada ya mahakama ile kwamba kabla muhuri wa hukumu ya mwisho haujagusa nta, aliyeshindwa huomba jambo moja, lolote lisilokuwa hukumu yenyewe, na jini hulitimiza. Wengi huomba maji ya kunywa. Zuleha alikuwa amekuja na machozi, lakini alipomwona Fakhri anatabasamu, machozi yalimkauka, akajaa hasira tupu, na hasira hiyo ikamnyoosha mgongo.

"Bwana kadhi," akasema, "sikuombi mtoto. Naomba uingie wewe katika kasha hilo, ukae kadiri alivyokaa mwanangu juzi. Si mchezo tu?"

Kadhi akataka kukataa, lakini kiapo cha pete kilimzidi umri na cheo. Dahmani akatoka, kichwa chake kikagusa dari, akautupa upepeo, akasema kwa furaha ya aliyengoja miaka mingi kuulizwa, "Juzi ilikuwa tangu adhana ya adhuhuri hadi ya alasiri." Papo hapo, adhana ya adhuhuri ikilia, kasha likawa katikati ya ukumbi, sheikh akawa ndani, na kifuniko kikafungwa.

Watu wakakaa kungoja. Kadhi alikohoa, akasoma dua. Halafu akaanza kugonga, polepole, kwa kucha, na sauti yake ikatoka nyembamba, ikiomba kufunguliwa. Fakhri alikuwa ameketi karibu. Mkono ulikuwa umeizoea kazi yake kuliko alivyojua mwenyewe: akavua kiatu, akakipiga kifuniko kwa nguvu, akasema, "Nyamaza. Ukilia naongeza."

Ukumbi mzima ukasikia. Mashahidi walikuwa mia na ushei, na Fakhri akabaki na kiatu mkononi.

Alasiri kadhi akatolewa, kilemba kimelowa jasho. Akasema kwamba gizani vidole vyake vilipapasa upande wa ndani wa kifuniko, vikakuta mikwaruzo mifupi, mingi, karibu karibu. Akahukumu Durra akae na mamake, na baba asimwone ila mahakamani, mbele ya mlezi aliyeteuliwa. Sultani akaifuta ile sheria, akampa Zuleha nyumba na mali, na waziri mmoja mjane akaleta posa. Wapenda harusi wataniwia radhi: Zuleha alijibu kwamba kwanza anataka kulala usingizi.

Na funzo ni kwamba anayepima hofu ya mtoto kwa utulivu wa mkubwa hajapima kitu. Kadhi mwenyewe alikwenda kumwomba Zuleha msamaha, akiapa kwamba saa zile hatazisahau maisha yake.

"Wewe umeingia mara moja, sheikh," Zuleha akamjibu. "Durra aliingia mara tisa, na mara nne kati ya hizo nilikuwa nimeshakwambia."