Somoe Kwenye Kisima cha Gorale

Jangwa huingiwa kwa kuketi. Mmeisikia asubuhi hii kwa shangazi yenu, mkatazamana, kisha mkaja kuniuliza mtu aliyeketi huingiaje mahali. Basi sogeeni. Methali hii ilianza na mwanamke mmoja wa Kau, fundi wa makubadhi, jina lake Somoe.

Somoe alikuwa na kaka mmoja tu, Lali. Lali aliondoka kwenda nchi ya Bargadi kununua chumvi, akasema atarudi kabla ya mavuno. Miaka sita ikapita. Majirani walishauri hitima isomwe, mama yao akakataa. Alisema hawezi kumsomea hitima mwanawe ilhali hakuna aliyemwambia kwamba amekufa. Bibi yule akawa hali wala halali. Ndipo Somoe akaamua kwenda mwenyewe.

Lakini Bargadi haikuwa nchi ya kuendewa hivi hivi. Ni jangwa tupu, na njia yake ni moja, ile inayopita kwenye kisima cha Gorale. Kutoka hapo hadi kisima cha pili ni mwendo wa siku nne bila tone la maji. Wenyeji wa Gorale ndio waliojua njia, na mgeni wasiyemtaka hakupita.

Somoe alijiandaa mwaka mzima. Alishona viriba sita vya ngozi ya mbuzi, akakausha nyama, akakodi ngamia wawili, akamwomba liwali barua yenye muhuri. Baada ya siku kumi na tano njiani akafika Gorale. Mlinzi wa kisima, mwanamke wa makamo aitwaye Talaso, aliipokea barua, akaitazama, akamrudishia. Akamwambia angoje. Somoe alingoja siku mbili. Siku ya tatu, adhuhuri, akaanza kufunga mizigo, akisema siku zinamwishia. Talaso akamwambia arudi kwao.

Mwaka uliofuata alikuja na vitambaa na tumbaku. Safari hii alivumilia siku tano, lakini kila siku alizunguka hema kwa hema, jua likiwa la utosi, akiuliza wataondoka lini, na kila akizunguka koo likimkauka. Siku ya tano akaambiwa tena arudi kwao.

Mara ya tatu hakuwa na barua wala zawadi. Alikuwa amechoka. Alichoka na njia, alichoka kujieleza, alichoka na macho ya mama yake kila aliporudi mikono mitupu. Hata huko kwenda alikwenda kwa sababu kubaki nyumbani kulimchosha zaidi. Alipofika Gorale alimsalimia Talaso, akatandika ngozi yake kwenye kivuli cha jabali, akaketi. Hakuuliza kitu. Jua likipanda, alijifunika shuka. Likishuka, alikwenda kuteka maji, akanywa, akarudi pale pale. Siku zikapita, naye hakuzihesabu.

Jioni moja Talaso alikuja akaketi kando yake. Kiswahili alikuwa nacho kiasi, alichokiokota sokoni alipokuwa akipeleka ngozi.

"Dada, safari hii huniulizi tutaondoka lini?"

"Sina nguvu ya kuuliza, dada yangu. Ukinipeleka nitakwenda. Usiponipeleka, niache nipumzike kwanza."

"Leo ni siku ya kumi na mbili. Unajua kwamba kutwa nzima unakunywa kibuyu kimoja?"

"Sikuangalia."

"Mimi nimeangalia. Mara zile mbili ulikunywa vinne. Mtu wa vibuyu vinne hafiki kisima cha pili, na anayemwongoza hafiki, maana atamnywea na maji yake. Kaka yangu alikubali kuwapeleka wageni wenye haraka. Walikataa kupumzika mchana, wakatembea juani. Hatukupata hata mmoja wa kumzika."

Somoe akamtazama. "Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ningekuambia, ungeketi kwa kunionyesha mimi. Huko mbele hakuna wa kumwonyesha. Kesho jua likishuka tutaondoka."

Wakaondoka. Walitembea jua lilipokuwa chini na kuketi lilipokuwa juu, na siku ya nne wakafika kisima cha pili. Talaso akamuulizia Lali, akajibiwa kwamba alikuwa amekufa kwa homa mwaka wa tatu tangu aondoke Kau. Mjane wake, mwanamke wa huko, alimpeleka Somoe kwenye kaburi lililozungushiwa mawe. Somoe akaketi chini, mjane akaketi karibu naye, na kwa kuwa hawakujua lugha moja, walikaa hivyo hadi alasiri.

Aliporudi Kau na kumweleza mama yake, bibi yule alilia kutwa. Kisha akaomba uji, akaumaliza, akalala. Hitima ikasomwa Ijumaa.

Watu walipokwisha kula, wakamzunguka Somoe. Barua ya liwali imeshindwa, tumbaku imeshindwa, sasa yeye ameingiaje?

"Niliketi," akasema.

Walidhani ni uchovu unaosema, wakamwacha. Wachuuzi wa chumvi waliokwenda Gorale baada yake, wakarudishwa mara moja na mara mbili, ndio waliolikumbuka jibu lake na kulieneza. Kwa hiyo shangazi yenu alipomwona kaka yenu anahangaika huku na huku, ilhali jambo lenyewe halitegemei haraka yake, hakumwambia aliache. Alimwambia: jangwa huingiwa kwa kuketi.