Ukoo wa Farumi

Wewe uliyekunja pua kabla sijafungua mdomo, kaa chini. Sikiliza kwanza, ubishi wako haukimbii.

Kulikuwa na bibi mmoja akimpigia pasi mjukuu wake kanzu ya harusi. Ukoo wao uliitwa Farumi. Farumi ni yale mawe yanayotiwa tumboni mwa chombo ili kisipinduke baharini. Kijana akamwambia, "Bibi, kesho kwenye nikaha shehe asisome jina la Farumi. Nimemwomba asome Nahodha. Wakwe watanicheka. Kwani mimi jiwe?"

"Kichwa chako ndicho jiwe, mume wangu," bibi akamtania, na pasi haikusimama. "Unajua jina hilo tulipewa na nani?"

"Sijui, bibi."

"Babu wa babu yako alifika pwani njaa imemmaliza, miguu imevimba, nauli hana. Mabaharia wakasema, huyu mzigo wa bure, na chombo kimeshatosha uzito. Nahodha hakubishana nao. Alishusha mawe, uzito wa mtu mmoja, akamwambia: kaa hapo yalipokuwa mawe, leo farumi ni wewe. Babu akavuka, akala, akaoa. Kila aliyemuuliza jina alimjibu, Farumi. Hakutaka kusahau."

"Kumbe tulikuwa ombaomba."

"Tulikuwa maiti, tukabebwa. Sasa aliyekubeba unataka umwibie na cheo chake?"

Kijana akasema, "Basi shehe asome Farumi."

"Asome kwa sauti. Tena angoje kidogo, wacheke wamalize."

Na sisi je? Nani humu alilipa nauli ya kuja duniani? Nani alijinyonyesha mwenyewe? Kila mmoja wetu ana mtu aliyeshusha kitu chake ili yeye apate pa kukaa: mama aliyelala na njaa, jirani aliyegawa unga wake wa mwisho. Na aliyewatia huruma hao wote ni Mungu. Lakini tukishavaa viatu vipya, tunajiita manahodha. Tusione haya kusema tulibebwa. Tuseme alhamdulillahi, na tuiseme mbele ya wakwe.

Kijana alitaka kumshukuru bibi yake. "Mimi nimepiga pasi tu," bibi akamkatiza. "Kamsomee Fatiha yule nahodha. Jina lake silijui, Mungu analijua."

Bibi akatundika kanzu, akatoka, akafunga mlango.