Jogoo wa Miguu Mitatu

Anayekiponda akitakacho hukikuta kimetengenezwa.

"Sasa hiyo nayo methali gani, Bibi?" Zuhura aliuliza. Alikuwa ametoka sokoni na wenzake, akiwamo nduguye Kibwana, na muuza vitenge ndiye aliyemrushia maneno hayo walipokuwa wakivutana bei. "Kitu kutengenezwa si jambo jema? Ubaya wake uko wapi?"

Bibi Semeni, aliyekuwa akipukuchua kunde barazani, alimtazama mjukuu wake kwa juu ya miwani. "Kaa chini. Na wewe Kibwana, weka hiyo simu, hadithi haisikilizwi kwa sikio moja. Methali mnazisema kama kasuku, asili yake hamuulizi. Leo mmeuliza, nami nitawaambia. Methali hii ilianza hivi."

Huko Korogwe, enzi za mkonge, palikuwa na tajiri mwenye shamba aliyekuwa na gari la kifahari. Gari jeusi, refu, milango minne, viti vya ngozi, na ndani limenakshiwa kwa mbao zinazong'aa. Likipita, watu walisimamisha kazi walitazame. Tajiri alipohama nchi alimwachia dereva wake gari hilo. Dereva wa watu hakuwa na uwezo wa kulitia mafuta, akaliweka bandani, akawa analipangusa vumbi kila Ijumaa mpaka Mungu alipomchukua. Mjane wake, Bi Mwanahawa, akabaki na gari lisilotembea na nyumba inayovuja. Akaona afadhali auze gari aezeke nyumba. Mwanawe Mhina, fundi wa kupaka magari rangi, akatangaza kila mahali kwamba gari la kizamani linauzwa.

Habari zikafika Tanga mjini, zikamkuta Bwana Twaha Shemdoe, muuza nguo. Huyo alikuwa mfanyabiashara hasa, yule wa kukwambia dhahabu yako ni shaba huku mkono wake umeshaingia mfukoni. Lakini siku hiyo aliposikia ni gari gani na lilikuwa la nani, alikaa chini, akamwomba mkewe maji ya kunywa.

Twaha alizaliwa kwenye shamba lile lile. Baba yake alikuwa karani. Siku za Jumamosi tajiri alikuwa akimruhusu dereva awapeleke sokoni watoto wa karani, Twaha na mdogo wake Idrisa. Basi siku moja Idrisa, mtundu yule, akachukua msumari akachora jogoo kwenye ubao wa mlango wa nyuma. Jogoo mwenyewe ana miguu mitatu! Twaha akamcheka, "Umeona wapi jogoo wa miguu mitatu?" Idrisa akajibu bila kupepesa macho, "Mmoja wa akiba." Walichapwa wote wawili, na usiku walikuwa bado wanacheka chini ya shuka moja.

Mwaka ule ule homa ikamchukua Idrisa. Picha hakuwahi kupigwa. Kaburi lake lilimezwa na mkonge, hata baba yao hakuweza tena kulionyesha. Twaha akawa mtu mzima, akapata mali, akapata wajukuu, lakini kitu alichokigusa mdogo wake kwa mkono wake hakuwa nacho hata kimoja. Kilikuwa kimebaki kimoja tu duniani, kama kilikuwa bado kipo.

Akapanda kwenda Korogwe. Bi Mwanahawa hakumjua, maana yeye aliolewa pale miaka mingi baadaye. Mhina akafungua banda. Twaha akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akainama. Jogoo alikuwapo. Miguu mitatu, mkia kama ufagio. Moyo ulimruka pa! Alitamani apige magoti, aweke shavu lake pale.

Mnadhani alisema hivyo? Thubutu! Mwenye kitu akijua unakipenda, amekushika pabaya. Hivyo ndivyo alivyofunzwa tangu ujana wake, na ulimi ukishazoea jambo haungoji ruhusa ya moyo. Akanyoosha mgongo, akakunja uso.

"Mama, gari lenu limechoka," alisema. "Rangi imepauka. Viti vimechanika, aibu hata kumkaribisha mtu. Na ubao huu, hebu tazama, umechorwachorwa na watoto. Hii ni takataka tupu."

"Tuwie radhi, baba," Bi Mwanahawa alisema, macho chini. "Marehemu mwenyewe alikuwa amekataza tusiliguse."

"Basi nitalichukua hivyo hivyo, nawasaidia tu. Wiki ijayo nakuja na lori."

Wakapatana. Twaha aliondoka anachekea tumboni, amepata alichokitaka kwa bei ya kutupa. Huko nyuma Bi Mwanahawa hakuupata usingizi. Alimwambia mwanawe, "Mhina, yule bwana ni muungwana. Ameona kasoro zote zile na bado analichukua. Nasi tumpe gari likiwa hivyo, kweli? Watu watatuonaje?"

"Niachie mimi, mama," Mhina akasema.

Akawaita mafundi wenzake, wakalifanyia kazi wiki nzima wala hawakudai ujira, kwa heshima ya marehemu. Loo, walijituma vijana wale!

Twaha aliporudi, alikuta gari limefunikwa kanga kama bibi harusi na majirani wamejaa uani. Akataka aonyeshwe gari kwanza, wakamkatalia katakata. Mgeni hula kwanza. Akaandaliwa pilau la kuku, akala harakaharaka, akasifu, akaongezwa, akala tena. Aliponawa mikono tu, Mhina akashika pindo la kanga, akavuta. Vigelegele!

Twaha alisimama mdomo wazi. Gari lilikuwa la buluu, buluu ya kuumiza macho. Ndani viti vimevalishwa kitambaa cha makochi, zambarau, chenye maua. Akaufungua mlango wa nyuma kwa mikono miwili, na pale alipomwacha jogoo akakuta ubao wa fomeka, ule wa makabati, mweupe, mpya, laini, hauna hata mkwaruzo.

"Umeona, mzee?" Mhina alisema, uso umemchanua. "Ulisema rangi imepauka, tumepaka. Ulisema viti vimechanika, tumevivalisha. Ulisema ubao umechorwachorwa, tumeung'oa. Kila ulilolisema tumelifanya, hatukuacha hata moja!"

"Ubao," Twaha alisema. "Ule ubao uko wapi?"

"Ile takataka?" Mhina alicheka. "Mvua hizi zimeloanisha kuni zote. Ubao ule ulikuwa mkavu hasa. Ndio uliopikia pilau."

Twaha akaweka mkono tumboni. Majirani walidhani chakula kimemdhuru, wakamkimbilia. Akawasukuma, akaenda moja kwa moja jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga na suti yake, akaanza kupekua majivu kwa vidole. Yalikuwa bado ya moto. Hakukuwa na kitu, hata kipande cha kuweka kiganjani. Hapo mtu mzima yule akalia kwa sauti.

"Idrisa," alikuwa akisema. "Idrisa, nimekuita takataka."

Bi Mwanahawa akachuchumaa kando yake, akamshika mikono asiendelee kuungua. Kidogo kidogo akamtoa maneno: mdogo wake, msumari, jogoo, homa, kaburi lililopotea. Mama yule alipokwisha kusikia akajishika kichwa.

"Ewe ndugu yangu! Na mbona hukusema?"

"Niliogopa mngepandisha bei."

"Bei!" Bi Mwanahawa alisema, naye machozi yanamtoka. "Ubao wa marehemu wako? Ningemwita Mhina aung'oe palepale, nikufungie kwa kanga yangu, uende nao bure. Gari lenyewe ungelinunua au ungeliacha, shauri yako."

Twaha angemlaumu nani? Mhina alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina madoa ya rangi ya buluu, kama aliyeua mtu, na hakuwa amefanya ila alichoambiwa.

Bwana Twaha alilinunua gari lile. Alilipa, akaongeza mabati ya nyumba, akalivuta kwa lori mpaka Tanga na buluu yake na maua yake. Hakulipanda hata siku moja. Lakini dukani kwake, kila mteja aliposhika kitambaa kwa mahaba halafu akaanza kukisema vibaya, yeye alikiondoa kile kitambaa mikononi mwake taratibu, akamwambia: mpenzi wangu, kama unakitaka sema unakitaka. Anayekiponda akitakacho hukikuta kimetengenezwa.