Nadhiri Iliyowekwa Nyuma ya Tarumbeta

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana kisa hiki kinataka masikio yote mawili. Nikimaliza nitawauliza swali moja, na simruhusu mtu kuondoka hapa akisema hajui.

Walikuwapo watu watatu katika nchi ya milima, kwenye barabara ya kutoka Tukuyu kwenda Mbeya. Hawakuwa wakijuana.

Wa kwanza aliitwa Lwitiko, mpiga tarumbeta. Kifua chake kilikuwa na pumzi ya watu wanne. Bendi yake ilipopanda kwenye pikapu kusindikiza harusi, wenzake hawakungoja ishara ya mtu mwingine. Akipuliza, wanapuliza, akinyamaza, wananyamaza.

Wa pili aliitwa Tusajigwe, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Hakuwa mkali hata kidogo. Akikwambia "rudi" kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi, unajikuta umerudi na hujui kwa nini. Na siku ya kisa hiki alikuwa bibi harusi, sasa nani angempinga?

Wa tatu aliitwa Ambakisye, dereva wa lori. Kwenda mbele kila dereva anaweza. Yeye kipaji chake kilikuwa kurudi nyuma. Kona ambazo wenzake walizipita wakisali, yeye alizipita kinyumenyume, kiwiko kikiwa dirishani.

Haya, hao wawekeni pembeni kidogo, tuingie ndani ya gari la wagonjwa. Humo alikuwamo mama mtu mzima aitwaye Bibi Subilaga, na yote haya yalimpata yeye.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua ya rasharasha. Bibi Subilaga alikuwa amempakata mjukuu wake aliyezaliwa asubuhi ile ile. Mbele yake, kwenye kitanda cha magurudumu, alilala Sekela, binti yake pekee aliyebaki, mama wa mtoto. Damu ilikuwa inamtoka na haikutaka kukatika. Kituo cha afya walikuwa wamefanya waliloweza, kisha wakasema: hospitali kubwa mjini, na haraka. Nesi alikuwa amepiga magoti sakafuni akilikandamiza tumbo la Sekela kwa mikono miwili, wala hakuiondoa hata gari liliporuka mashimo.

"Sista, mwanangu atapona?"

"Tukifika, Bibi. Tukifika atapona."

Basi Bibi akalishika hilo neno la tukifika, akawa analirudia kimoyomoyo kila kona. King'ora kilikuwa kinalia, taa nyekundu zinazunguka, na magari mawili matatu yalisogea kando kama inavyotakiwa. Halafu, katikati ya mlima, upande mmoja ukuta wa udongo na mtaro, upande mwingine bonde la migomba, wakaikuta harusi.

Msafara ulikuwa umejaza barabara yote. Magari yamejipanga mawili mawili, taa zinamweka, honi zinapigwa kwa mpangilio. Wanawake waliovaa vitenge vya sare walikuwa wameshuka wanacheza lami nzima, huku mpiga picha akiwa amening'inia kwenye buti ya gari anawarekodi. Katikati kulikuwa na pikapu ya matarumbeta, na mbele kabisa gari la bibi harusi likitambaa juu ya mstari mweupe. Gari la bibi harusi halipitwi na mtu. Hilo kila mtoto wa huko analijua.

Dereva wa ambulensi akaongeza sauti ya king'ora.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nywele zinaposimama. Wale watu walikisikia. Hawakuwa viziwi. Walikisikia, wakageuka, wakaona taa nyekundu zinazunguka, wakapiga vigelegele!

"Jamani, MC kaleta mpaka ambulensi!" mmoja akapiga kelele. "Harusi ya mwaka hii!"

Na Lwitiko, juu ya pikapu, akakidaka kile king'ora kwa tarumbeta. King'ora kikipanda, naye anapanda; kikishuka, naye anashuka. Bendi ikamfuata. Ngoma ikakolea. Wanawake wakaja mbele ya boneti ya ambulensi wakakata viuno, na mmoja akaurusha mkufu wa maua ukanasa kwenye kioo.

Bibi Subilaga aliyaona yale maua kwa nyuma ya kiti cha dereva. Alipigwa na butwaa. Alikuwa ameishi miaka mingi, amezika mume na watoto, lakini hakuwa amewahi kuona watu wakimchezea mtu anayekata roho. Ilimchukua muda kuamini kwamba macho yake hayamdanganyi. Kisha akafungua dirisha, akatoa kichwa kwenye mvua, akapaza sauti ambayo hata yeye hakuijua:

"Atakayetufungulia njia hii, mtoto huyu atabeba jina lake! Mungu ananisikia!"

Msiichukulie nadhiri hiyo kwa wepesi. Katika ukoo wa Bibi Subilaga, mtoto hupewa jina kitovu kikidondoka, na mtu ambaye mtoto amepewa jina lake huwa somo wake. Somo si mgeni. Ana kigoda chake nyumbani, ana neno siku ya mahari na siku ya msiba. Na jina likishawekewa nadhiri haligawanywi. Ni jina moja, la mtu mmoja.

Waliokuwa wanacheza hawakusikia. Lwitiko naye hakuyasikia maneno, ila kutoka juu ya pikapu aliuona uso. Aliona mama mtu mzima amefumbata kichanga, mdomo wazi, na nyuma yake nesi ambaye mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni. Pumzi ikamkatikia kifuani. Akaliondoa tarumbeta mdomoni katikati ya wimbo, na bendi nzima ikanyamaza. King'ora kikabaki peke yake, na kila mtu akakisikia jinsi kilivyo. Hakikuwa muziki.

"Tokeni barabarani!" Lwitiko akaruka chini, anasukuma watu kwa mabega. "Kuna mgonjwa! Kuna damu! Tokeni!"

Watu wakatoka mbio, wengine wakilia kwa aibu. Lakini magari hayakusogea. Kila dereva alimtazama wa mbele yake, na wa mbele kabisa alikuwa amembeba bibi harusi.

Tusajigwe alikuwa amekisikia king'ora mapema kuliko wote. Hili nalo lazima niliseme. Aliposikia alipandisha kioo, akamwambia dereva wake: "Wasubiri kidogo. Kila siku barabara ni yao, leo ni yangu." Dereva akatii, nani angempinga? Sasa muziki ulipokatika akashusha kioo, akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akafungua mlango.

"Rudi ndani!" shangazi yake akamshika mkono. "Bibi harusi hakanyagi chini kabla ya ukumbi. Utaitia mkosi ndoa yako!"

"Shangazi, kuna mtu anakufa nyuma ya ngoma yangu."

Akashuka. Kiatu cheupe kikazama kwenye tope, shela ikaburutika. Akamwambia dereva wake, kwa sauti ile ya kuombea chumvi, "Litie mtaroni." Gari likaingia mtaroni, ubavu mmoja ukakwaruzwa wote kwenye ukuta wa udongo. Akaenda gari la pili: "Mtaroni." La tatu: "Mtaroni." Alipita hivyo msafara mzima, mvua inamnyeshea, vipodozi vinamchuruzika, na hakuna hata mmoja aliyembishia. Upande wa kulia wa barabara ukabaki mweupe.

Ambulensi ikaondoka kwa kasi. Bibi Subilaga akafumba macho kushukuru. Akarushwa mbele, gari lilipofunga breki.

Alipofumbua macho, kioo cha mbele kilikuwa kimejaa lori.

Ambakisye alikuwa amesimama juu ya mlima muda mrefu, amebeba kreti za soda, anangoja harusi ipite. Alipoona upande wake umefunguka hakuuliza umefunguliwa kwa ajili ya nani. Akateremka. Sasa lori na ambulensi vilikuwa vinatazamana pua kwa pua kwenye kona. Ambulensi isingeweza kurudi nyuma, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mkia wa magari madogo yasiyo na mgonjwa wala harusi. Yalikuwa yameiganda nyuma tangu Tukuyu, ili ambulensi ikipishwa nayo yapite bure. Watu wa namna hiyo sijui niwaiteje. Acha niendelee.

"Rudi nyuma!" dereva wa ambulensi akapiga kelele. "Nina mgonjwa!"

"Nyie na ving'ora vyenu!" Ambakisye akamjibu kutoka juu. "Juzi mmoja wenu kanitoa barabarani namna hiyo hiyo, kumbe amebeba mbuzi wa sherehe. Na mimi nina haraka zangu!"

Bibi Subilaga hakungoja kufunguliwa mlango. Alishuka mwenyewe, akasimama chini ya dirisha la lori na mvua inamwagika. Akafunua khanga.

"Mwanangu," alisema, "mbuzi wenyewe ndiye huyu. Amezaliwa leo. Mama yake yuko mle ndani anaisha. Mtazame vizuri, kisha uniambie haraka zako."

Ambakisye akatazama. Kichanga kilipiga chafya kwa baridi. Dereva yule, mtu mzima mwenye ndevu, uso ukambadilika. Akaingiza gia ya kurudi nyuma.

Lori lililojaa mzigo, mlima, kona, lami imelowa. Akalirudisha. Tairi la nyuma lilipokanyaga ukingo wa bonde, kamba zikakatika na kreti zikaanza kuporomokea kwenye migomba, chupa zikipasuka. Hakusimama kuzitazama. Alirudi hadi palipopanuka, akajibana kando mpaka kioo cha pembeni kikang'olewa na ukuta, na ambulensi ikapita.

Wakafika. Daktari aliyempokea Sekela alisema baadaye kwamba wangechelewa kidogo tu, angekuwa anatoa pole. Sekela alitiwa damu, akashonwa, akaishi. Mtoto alinyonya.

Siku kitovu kilipodondoka, Bibi Subilaga akatuma salamu za ile nadhiri yake, na wale watatu wakaja. Walikaa kwenye mkeka mmoja, wakapewa chai na ndizi za kuchemsha. Mwanzoni kila mmoja aliona haya. Lakini jina ni jina, na haya haikudumu.

"Mama," alianza Lwitiko, "nisingenyamazisha bendi, mngelia humo mpaka jioni na watu wangeendelea kuwachezea. Mimi ndiye niliyewafanya wasikie."

"Walisikia, kisha wakasimama wakishangaa," alisema Tusajigwe polepole. "Ukimya wako haukusogeza hata gari moja, kaka yangu. Mwanzoni nilisema msubiri, sifichi, lakini njia niliifungua mimi, na miguu yangu, siku nisiyotakiwa kukanyaga chini. Mpaka leo shangazi hanisalimii."

"Njia mliifungua, sikatai," alisema Ambakisye, "lakini ilipofika kwangu ilikuwa imefungwa tena. Kazi ya mlango ni kumtoa mtu nje. Aliyewatoa nje ni mimi, na tajiri wangu ameninyang'anya lori kwa ajili ya zile soda."

Bibi Subilaga aliwasikiliza, akaona kila mmoja amesema kweli. Chungu hakikai juu ya figa moja. Ukiliondoa lolote, chakula chote kiko majivuni. Akageuka amwulize binti yake.

Sekela alikuwa ameegemea mto, bado dhaifu, midomo haijarudi rangi yake. 

"Mama, mnajua kwamba nilikuwa nasikia?" alisema. "Macho yalikuwa yamefumba, lakini nilisikia kila kitu. Nilisikia tarumbeta likicheza na king'ora. Nilisikia vigelegele. Nilidhani nimekwisha kufa, na watu wamefurahi." Akawatazama watatu, mmoja baada ya mwingine. "Huyu ndiye aliyewachezesha. Huyu alisema tusubiri. Huyu alikuja kutuziba na njia iko wazi. Aliyekufungia mlango kisha akakufungulia, unamwita mwanao kwa jina lake?"

Hakuna aliyenyanyua kikombe tena. Lwitiko aliinamisha kichwa. Tusajigwe alijifunika uso kwa mtandio, akalia waziwazi. Ambakisye alinyanyuka kama anayetaka kuondoka, kisha akakaa tena, kwa sababu hakujua aende wapi.

Bibi Subilaga alibaki katikati na mtoto mikononi. Upande huu nadhiri, na aliyeisikia ni Mungu. Upande huu binti yake, ambaye ndiye aliyelala pale akisikiliza watu wakimshangilia. Na mbele yake watu watatu ambao kama angekosekana mmoja tu, leo angekuwa anapokea rambirambi. Alifungua mdomo kutaja jina, akaufunga. Akaufungua tena.

Mtoto anangoja. Hana jina hadi sasa.

Haya, ninyi mliokaa hapa, nanyi pia mna barabara yenu. Jina lile ni la nani: la aliyenyamaza, la aliyeshuka, au la aliyerudi nyuma? Au Bibi aivunje nadhiri, na yeyote asipewe? Wewe uliyeko hapo mwanzo wa mkeka, anza. Ungemwita nani?